Dungusi la Saloma Lilipogoma

Katika bonde letu hapa Ohio hakuna mwenye koo la kuimba kama langu. Najua kwetu sisi Waamishi, Wakristo tusiotumia umeme wala magari, kujisifu ni dhambi, na mhubiri amenikanya, lakini kusema kweli bado hajakupiga marufuku. Shule niliishia darasa la nane kama wenzangu wote. Koo halikudai la tisa. Mdogo wangu Enosi, yeye alipewa mikono. Hatamu akishona yeye, farasi hutembea kwa maringo. Sauti ndiyo aliyonyimwa, akaongezewa haya badala yake. Mtu wa miaka sitini, akipiga chafya zizini anawaomba ng'ombe radhi.

Masika yaliyopita, ibadani, alipewa aongoze wimbo wa pili. Kitabu chetu cha nyimbo kina maneno tu. Tuni mtu anaibeba kichwani. Kiongozi huanza kila mstari peke yake, ndipo watu wamfuate. Mstari wa tatu Enosi alipotea kama ndama kwenye ukungu. Nyumba nzima ikanyamaza inamngoja. Nani alimwokoa? Mimi. Na nikamtania mpaka mahindi yakavunwa.

Sasa zamu ya ibada, inayozunguka nyumba kwa nyumba, ilikuwa inakuja nyumbani kwake, Jumapili ya kabla ya Krismasi.

Mkewe Saloma alikuwa na lake la kumnyima usingizi. Ana dungusi la Krismasi, lile lisilo na miiba, alilorithi kwa mama yake. Dada zake, Lovina na Fanny, wote wamekata humo vipande vya kupanda kwao. Kila Oktoba hulipandisha chumba cha wageni, kusiko na jiko, hulinywesha kidogo tu, na jua likizama halioni taa. "Limelala," husema, na kufunga mlango. Likishatoa matumba hulishusha dirishani jikoni, na wageni wa ibada hulikuta jekundu tupu kwa maua. Mwaka huu Desemba iliingia, hakuna tumba hata moja.

"Labda limekuchoka, shemeji," nikamwambia nikila pai yake. "Hata mimi ningekuchoka."

"Mahloni, nyamaza kabla kahawa haijakuangukia mapajani. La Lovina limejaa matumba. La Fanny limejaa. Hili ndilo la mama mwenyewe, nalo limenikataa."

"Majani si mabichi?"

"Majani nitamwonyesha nani? Mkono wangu umeingia nuksi. Lovina akija ibadani nitampa alichukue, kabla sijaliua kabisa."

Enosi alikuwa pale pale, macho ndani ya kikombe, masikio mekundu kama bitiruti.

Jioni ya kesho yake nilirudi kuchukua hatamu zangu. Saloma alikuwa ng'ambo ya uwanja kwa binti yao aliyejifungua, kama kila jioni tangu Oktoba. Lakini dirisha la chumba cha wageni lilikuwa linawaka, na ndani kuna sauti kama ya ng'ombe aliyebanwa na lango. Nikapanda ngazi.

Enosi alikuwa amesimama na koti lake, mvuke unamtoka mdomoni, kitabu mkononi. Taa ya betri ya zizini ameitundika msumarini, juu kabisa ya dungusi.

"Tangu lini?"

"Oktoba. Kila jioni."

"Na hiyo taa?"

"Herufi ndogo, kaka."

"Enosi, mkeo analilaza, wewe unaliamsha! Ua hili bila giza refu halishiki mimba."

Akaketi kitandani. "Nimejua jana, aliposema vile. Leo nimepanda kuihamisha taa, nikashindwa hata hilo, maana bila taa siyaoni maneno. Usimwambie."

"Mwambie wewe."

"Nimwambie nini? Mzee mzima najifunza kuimba kwa kujificha?" Akazima taa. Tukashuka gizani tukishika ukuta.

Jumapili ikafika, naye hakuwa amesema. Wimbo wa pili walimpa yeye. Mstari wa tatu ulitetemeka, ukasimama, ukaendelea. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo halijapata kutokea.

Kwenye chakula Lovina akauliza, "Dada, dungusi la mama liko wapi? Dirisha naliona tupu."

Saloma alikuwa anapakua matango ya siki. Hakuinua uso. "Liko juu. Lichukue, Lovina. Limenishinda."

Enosi akasimama, mkate wa siagi ya karanga mkononi. "Si yeye. Ni mimi. Nilikuwa naliwashia taa kila jioni. Nilikuwa... najifunza ule wimbo."

Fanny akacheka. Mimi pia, nakiri, mpaka nilipomwona Saloma.

"Nimejilaumu mbele yako," alisema polepole. "Na wewe umekaa mezani pangu unakunywa kahawa yangu."

"Ndiyo."

"Ukanisikia nasema nitaligawa."

"Nilikusikia."

Mkate ulikuwa umempindukia Enosi, siagi inamchuruzika kiganjani, na hakuwa na pa kuuweka.

"Lovina, halitoki humu ndani," Saloma akasema, akarudi kwenye matango yake.

Siku hizi Enosi anafanyia mazoezi zizini, na maziwa hayajapungua. Dungusi liliachiwa giza lake, likachanua Machi, theluji ingali uani na hakuna mgeni wa kuliona. Mimi sikuitwa. Nilikuwa napita barabarani na kigari changu cha farasi, nikaona wekundu wake dirishani jikoni, na mdogo wangu amesimama mbele yake, kofia ameivua.