Jina Langu Kwenye Simu ya Benki

Siku yangu ya kwanza kazini Sohar, nchini Oman, Meneja Utumishi hakunipa mtu wa kuajiri. Alinipa mtu wa kuondoa. Alikuwa mchomeleaji kutoka India, ameketi kwenye benchi la ukumbini na begi lake katikati ya miguu, na faili lake lilikuwa nene kama tofali. Nilishangaa. Nilikuwa nimefika na stashahada yangu ya uhasibu, nimefunga tai, nikidhani nitaanzia kwenye mishahara kama mtu mwenye elimu yake.

"Anza na anayeondoka," Meneja aliniambia. "Ukijua kumtoa mtu vizuri, kumwingiza hakutakushinda."

Nilimtoa yule mchomeleaji siku hiyohiyo. Nawaambia vijana wanaosoma haya kwamba wengine pale walihitaji wiki nzima kwa kazi ya namna hiyo.

Niseme mapema kuwa mimi sikubebwa na mtu. Nilizaliwa Bujonde, wilayani Kyela, nyumba ya wakulima wa mpunga, na ada ya sekondari niliipata mwenyewe kwa kubeba magunia ya kakao Busale wakati wenzangu wako likizo. Nilianza ukarani kwenye bandari ndogo ya Itungi, nikihesabu mizigo ya meli za ziwani. Msimamizi wa ghala pale alikuwa mkali, hakukubali hesabu iliyofutwafutwa. Nikahamia bandari ya Dar es Salaam, mchana nikihesabu makasha, jioni nikisoma. Stashahada niliipata nikiwa na mke na mtoto. Tangazo la kazi ya Oman lilipotoka, tulioomba tulikuwa wengi. Waliochaguliwa kutoka bandarini kwetu hawakuwa wengi, na mimi nilikuwamo.

Kampuni ilikuwa ya kupakua mizigo. Nilipanda kutoka karani wa utumishi hadi msimamizi wa malipo ya wafanyakazi wa kigeni, na mlangoni kwangu pakawekwa kibao cha shaba chenye majina yangu yote matatu. Nilikifuta mwenyewe kila asubuhi.

Kazi ya kumwondoa mtu ina mpangilio wake. Kwanza barua ya kuacha kazi, kisha kipindi cha notisi, yaani muda unaoendelea kufanya kazi baada ya kutoa barua ili mwajiri apate mbadala wako. Halafu makabidhiano: funguo, kofia ngumu, kitambulisho cha getini, nyumba ya kampuni na bili zake. Ukimaliza unapewa hati ya kutodaiwa, na hapo ndipo Mhasibu Mkuu anapopiga hesabu ya kiinua mgongo na likizo ambazo hukuzitumia. Mwisho, kibali chako cha ukaazi kinafutwa. Hapo ndipo wengi walipokwama, kwa sababu kibali kikifutwa, benki ya kule inaifunga akaunti yako, hata kama kiinua mgongo bado kiko njiani. Kwa hiyo nilikuwa nikiwaambia wote, Wahindi, Wafilipino na Waafrika wenzangu: kabla hujaandika barua yako, hakikisha una akaunti kwenu iliyo hai, kwa jina lako mwenyewe.

Mhasibu Mkuu, mzee wa Kimisri aliyependa utani, alizoea kusema, "Huyu Mtanzania akikushika mkono asubuhi, jioni uko kwenye ndege." Nilizipenda sana sifa hizo.

Ilipofika zamu yangu ya kuondoka, niliwatangazia ofisini kuwa faili langu litafungwa kwa siku moja, ili wajifunze. Tikiti ilikuwa ya kesho yake. Walitoka hata vijana wa mapokezi kuja kutazama.

Jambo moja sikuwa nimelitengeneza. Akaunti yangu ya nyumbani ilikuwa imelala miaka mingi, maana benki ilitaka niende mwenyewe na kitambulisho kuiamsha, na kila likizo nilifika Kyela nikawa na wageni, harusi na kuonyesha watu picha za Oman. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo fedha za kujenga nyumba nilikuwa nazituma kwenye akaunti ya mkwe wangu, Sekela, mke wa mwanangu Gwamaka. Gwamaka ni dereva wa malori, wiki nyingi yuko ng'ambo ya mpaka, Malawi, simu haipatikani. Sekela ndiye aliyesimamia mafundi. Kila tofali na kila bati vilipita mikononi mwake, na nyumba ikasimama. Basi kwenye fomu ya kiinua mgongo nikaandika akaunti ya Sekela.

Hapa lazima niwaeleze wasomaji wasiotoka kwetu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, na kwa wengi hadi leo, mke wa mwana humheshimu baba mkwe kwa kumwepuka. Hakai naye sebule moja, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake. Sekela alilelewa hivyo na bibi yake kule Njisi. Nikija likizo, alipitia nyuma ya migomba kwenda jikoni, na chakula kililetwa na dada yangu mkubwa, ambaye watoto wangu wote humwita Shangazi. Mjukuu wangu wa pili aliitwa jina langu, lakini mama yake hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Babu. "Babu, njoo uoge." "Babu, acha kufukuza kuku." Mtaa mzima walimjua mtoto kwa jina la Babu.

Kule Oman nilikuwa nikiwasimulia wenzangu habari hizo kwa kicheko, nikisema hayo ni mambo ya kale, mimi ni mtu wa stashahada. Lakini nilipokuwa nyumbani, nikimsikia anazunguka kule nyuma ili asinikute, moyo wangu ulikaa mahali pake. Hakuna kibao cha shaba kilichowahi kunipa heshima ya namna ile.

Siku ile ya kufunga faili, benki ilimtuma afisa wake kwetu, mama mmoja wa Kiomani aliyekulia Unguja, Kiswahili chake kitamu. Akasema fedha ni nyingi na zinakwenda kwa mtu mwingine, kwa hiyo utaratibu unamtaka ampigie mpokeaji, athibitishe kuwa anamfahamu mtumaji. Nikasema hakuna neno. Akaweka spika ili Mhasibu Mkuu naye asikie. Chumbani tulikuwa mimi, yeye, Mhasibu Mkuu, Meneja Utumishi, na wale vijana mlangoni.

"Habari za asubuhi, dada. Nazungumza na Sekela?"

"Ndiyo, ni mimi." Nyuma yake kuku walikuwa wakilia.

"Nakupigia kutoka benki, Oman. Kuna fedha zako zinakuja. Nitajie jina kamili la anayekutumia."

"Ni baba."

"Baba yako mzazi?"

"Hapana. Baba mkwe."

"Vyema. Anaitwa nani?"

Nilitabasamu kwanza, nikidhani simu imekatika.

"Dada, upo?"

"Nipo. Ni mwenye nyumba hii. Babu wa watoto wangu."

"Nimekuelewa, mwanangu, lakini nataka jina."

"Mume wangu ni Gwamaka. Huyo ninamtaja."

"Gwamaka nani? Jina la ukoo?"

"La ukoo ni lake pia," Sekela alisema kwa sauti ya chini. "Shangazi amekwenda sokoni. Akirudi atawatajia yote, yeye ni dada yake, kwake si vibaya."

Yule mama wa benki alinitazama. Alikuwa ameelewa. Mhasibu Mkuu akauliza kwa Kiingereza, "Anasema nini? Hamjui?"

"Anamjua," mama alimjibu. "Anasema jina hilo ni kubwa kwake." Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, taratibu. "Mzee, si lazima leo. Tunaweza kuomba barua kutoka benki ya kwao. Utasubiri siku chache, tikiti inabadilishwa. Tusimlazimishe mtoto wa watu."

Njia ilikuwepo, na mama yule alikuwa ameiweka mbele yangu. Lakini kijana mmoja mlangoni akacheka, akamnong'oneza mwenzake, na Mhasibu Mkuu akatazama saa, akasema, "Mtanzania, leo na wewe umekwama?"

Nikainama kwenye simu.

"Sekela, taja jina langu."

Alishtuka. Hakujua kuwa nipo. Nilisikia pumzi yake. "Baba, shikamoo," alisema. "Baba, nisamehe. Hilo siwezi."

"Taja, nimekwambia. Unadhani hawa watu wana muda wa ushamba wenu? Unanitia aibu mbele ya watu wenye akili zao."

"Baba, nawaomba wamsubiri Shangazi."

"Kama hutaki kunitaja, basi hunijui. Nitaandika hapa kwamba hunijui, na hiyo nyumba utatoka."

Neno hilo la nyumba lilinitoka hivihivi. Alikuwa ameijenga yeye, kwa miaka yote ile, mimi nikiwa kwenye kiyoyozi.

Hata kuku sikuwasikia. Kisha akalitaja. La kwanza, la pili, la ukoo, moja baada ya jingine, kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma kanisani majina ya waliofariki. Mama wa benki akaandika. Hakuniangalia tena. Mhasibu Mkuu akapiga muhuri, vijana wakapiga makofi, na faili langu likafungwa kwa siku moja kama nilivyoahidi.

Kesho yake nikapanda ndege.

Nilipofika Kyela nilikuta nyumba imefagiliwa. Nikakaa sebuleni, nikisubiri kusikia hatua za nyuma ya migomba na kumwona dada yangu akileta chakula. Aliyeingia ni Sekela mwenyewe, kwa mlango wa mbele, na sinia la wali. Akaliweka mezani, akasimama wima mbele yangu, akanitazama machoni.

"Shikamoo, baba. Karibu chakula. Fedha zako ziko zote benki, tutakwenda ukachukue."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama anavyomtazama mteja au jirani.

Baadaye nikamsikia nje, anaita, "Njoo uoge." Na hapo, badala ya Babu, akaita jina langu.

Nilimfuata dada yangu jikoni. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Dada, unasikia anavyomwita mtoto?"

"Nasikia."

"Mbona humkatazi?"

"Ulitaka akutaje," alisema. "Anakutaja."

"Nilikuwa na haraka, dada. Yalikuwa mambo ya ofisi."

"Aliniambia. Siku ile nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa chini hapo ulipo, simu mkononi. Nikamwuliza nani kafa. Akasema, hakuna aliyekufa, Shangazi, ila baba ameniambia nimtaje, yaani nimtoe." Akaendelea kupepeta. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukitucheka, ukisema haya ni ya kale? Haya, yamekwisha. Furahi."

Nilinunua kitenge kizuri, nikampa dada yangu ampelekee kwa niaba yangu, pamoja na maneno ya kuomba radhi, maana nilidhani mambo kama haya bado yanapitia kwa mtu wa tatu. Alirudi akasema Sekela amepokea, amekivaa, na amesema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa chetu. Nikangoja. Hakuna kilichobadilika. Anaingia kwa mlango wa mbele, ananiamkia, ananihudumia vizuri kuliko wakwe wengi. Majirani wa kisasa wananisifu kwamba nyumba yangu imeendelea.

Vijana wanaotaka kwenda Ghuba bado wananifuata hapa nyumbani kwa ushauri, na ninawapa, kwa sababu kazi hii naijua kuliko yeyote katika wilaya hii. Nawaambia waamshe akaunti zao wakiwa likizo. Nawaambia wasikubali kibali kifutwe kabla benki haijamaliza, na kwamba tikiti ya kurudi inaweza kubadilishwa siku yoyote. Hili la tikiti nalirudia mara nyingi, hata wananitazama wakidhani nimesahau kuwa nimekwisha kulisema.

Wakiondoka nabaki barazani. Jua likishuka upande wa mashamba ya Bujonde, Sekela anatoka na beseni, na ninajua kinachokuja. Jina langu linaitwa likaoge. Linagombezwa kwa kumwaga maji. Linaambiwa liache kuku. Mtoto hukimbia upande wa pili akicheka, na mimi, kila mara, nainua kichwa.