Vifurushi vya Afande

Juzi sokoni Ntinda muuza samaki alinitilia matumbo ya sato kwenye mfuko mweusi wa plastiki, kavera kama tuitavyo Kampala, eti nikampe paka. Sina paka. Lakini harufu ile iliponipiga puani, nilijikuta nina miaka tisa, niko Nsambya, kwenye nyumba za polisi.

Pale tulikuwa na kaloli, yule korongo mkubwa mwenye kipara anayeshinda majalalani. Tulimwita Afande, maana alitembea polepole akikagua jalala letu kama wakubwa wa baba siku ya gwaride. Tulimtambua kwa kidole chake kimoja kilichokatika.

Kumwaga matumbo ya samaki ilikuwa kazi yangu. Mama alinionya kila mara: "We Akello, mwaga samaki tu! Hapana tupa pamoja na kavera!" Nami nilikuwa mvivu, tena mwenye maringo, sikutaka mikono inuke samaki shuleni. Basi nilipiga fundo, nikarusha. Afande alidaka hewani, akameza kavera na vyote vilivyomo, nasi watoto tukashangilia. Jamani, nani angeacha raha ile?

Baada ya muda akaanza kukonda. Mabawa yakamlegea, akawa anasimama tu hata tukimkaribia. Nilimhurumia mno.

"Baba, Afande iko na njaa," nilisema.

Baba alikuwa anapiga pasi sare yake, hakugeuka. "Basi mupe chakula."

Nikampa. Nilizunguka kwa majirani nikiomba matumbo ya samaki na ngozi za kuku, nikafunga kila kifurushi vizuri kisimwagike njiani. Alimeza kwa shida, kimoja baada ya kingine. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote kambini.

Jumapili moja asubuhi tulimkuta amekufa. Mbwa walikuwa wamempasua tumbo, na ndani mlijaa makavera yaliyosokotana, mengine bado yana fundo. Wenzangu walicheka, wakasema ameuawa na ulafi. Mimi nililia, ila nilijifariji kwamba angalau amekufa ameshiba.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba plastiki haisagiki tumboni; hukaa palepale, chakula kikakosa nafasi. Afande alikufa kwa njaa, na mimi ndiye niliyemjaza. Najuta mpaka leo. Siku ile ya mwisho hata hakungoja nimrushie. Aliponiona natoka mlangoni, alinifuata mwenyewe.