Nilipoambiwa Niwafundishe Uvumilivu

Enzi za ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa na maduka ya dawa yakaanza kufunguliwa Mwanza, wauguzi wa wodi yetu ya wazazi hapa Bariadi waliondoka mmoja baada ya mwingine kwenda kufanya kazi huko. Mimi nilibaki, na kila nilipolalamika mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, alinijibu, "Vumilia, sista." Neno hilo lilinichosha kuliko kazi yenyewe.

Siku moja wakaletwa wauguzi wapya wawili. Mganga mfawidhi akaniita mbele yao. "Huyu ndiye mfano wenu," akasema. "Sista, waambie siri ya kudumu kazini."

Nilikuwa nimetoka kumzalisha mama aliyeletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Lagangabilili, na maji ya kunawa alinichotea wifi yake kisimani, maana bomba letu lilikuwa kavu.

"Siri hakuna," nikawaambia. "Glovu tunachemsha na kuzivaa tena. Maji wanachota ndugu wa wagonjwa. Nyumba mtakayopewa inavuja. Mimi nimebaki kwa sababu mume wangu analima pamba hapa na hataki kuhama."

Mganga mfawidhi alikohoa, akatazama dirishani.

Mmoja wao aliondoka kabla pamba haijavunwa. Mwenzake alibaki, tukafanya zamu pamoja kwa miaka mingi. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu huku akifunga aproni, "Dada, kule nilikotoka waliniahidi kila kitu. Wewe uliniambia ukweli, nikanunua ndoo zangu mapema."

Mganga mfawidhi aliendelea kunisifu mikutanoni. Bomba hakulitengeneza.