Ukuta Alioupaka Wifi

Ghala la pamba lilikuwa limekaa miaka bila pamba watu wa kaunsili walipokuja na kopo la rangi, wakachora alama nyekundu mlangoni. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeinama kuelekea barabara ya Kendu Bay. Walisema litabomolewa kabla ya mvua za masika. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi jirani, nikaomba ruhusa akina mama wazipambe kuta za ndani kabla hazijabomolewa. Karani alicheka.

"Chora unavyotaka, mwalimu. Si ni kifusi tu?"

Kila alasiri wanawake walikuja na vitu walivyozoea kupakia nyumba zao: udongo mwekundu, udongo mweupe, majivu, makaa yaliyosagwa. Walichora samaki, ng'ombe, mitungi. Bibi mmoja jirani alisimama mlangoni akakataa kuingia.

"Nyumba inayongoja kuanguka mnampambia nani?"

Wanawake waliendelea kuchora.

Wifi yangu, mjane wa kaka, alichagua ukuta ulioinama. Kaka tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa ambao pale nyumbani hakuna aliyeutaja. Miaka ile tulikuwa tukizika karibu kila wiki. Wifi mwenyewe alikuwa amekonda, na kikohozi hakikumwacha. Nilimwambia asogee ukuta mwingine.

"Huu haugombaniwi na mtu," alisema.

Alichora boma, na watu wakitoka langoni mmoja nyuma ya mwingine, wote wametugeuzia mgongo. Kaka nilimtambua kwa kofia yake. Wengine nao niliwatambua, mmoja mmoja, nikaacha kuwatazama. Nyuma yao wote kulikuwa na mwanamke aliyejitwika mzigo, hajakamilika.

"Na huyu wa mwisho?"

"Bado sijammaliza."

Ukuta huo ulikuwa na ufa. Wiki ya kwanza niliingiza kidole. Wiki ya pili kiganja kikapita. Sikumwambia mtu. Wanawake walikuwa wakiimba mle ndani, na kwa muda mrefu sikuwa nimewasikia wakiimba isipokuwa matangani. Nilijiambia siku zimebaki chache.

Tingatinga lilikuja Jumatano, siku mbili kabla ya siku tuliyopewa na kaunsili. Nilisikia mngurumo nikiwa darasani, nikaacha chaki nikakimbia. Dereva alikuwa ameketi juu ya mashine, injini inanguruma.

"Kuna mama ndani," aliniambia. "Anasema nimngoje kidogo."

Wifi alikuwa amepiga magoti, anapaka udongo mweupe kwa kiganja. Plasta ilikuwa ikimdondokea mabegani kwa ule mtetemo.

"Wifi, toka."

"Nimebakiza miguu."

Nilimshika kiunoni nikamwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa mtu mzima, lakini alikuwa mwepesi kama mtoto wa darasa la pili, na hilo lilinitisha kuliko ukuta. Tulikuwa tumeshavuka mlango ukuta ulipoanguka. Tingatinga lilikuwa bado halijaugusa. Dereva alizima injini, akakaa pale juu, mikono kichwani.

Vumbi lilipotulia wifi alikohoa muda mrefu, kisha akasema, "Ungeniacha nimalize."

Nilikasirika. Kwa wiki kadhaa nilimpelekea chakula bila kukaa naye. Nilidhani kuna wakati wa kupatana. Alifariki kabla mahindi hayajapaliliwa, na watoto wake watatu wakahamia kwangu.

Jioni moja yule msichana mkubwa alinijia nikiwa nachambua mboga.

"Shangazi, shuleni wanasema mama alikataa kutoka."

"Hakukataa," nikamwambia. "Hakusikia mashine ikija."

Alinitazama. Mngurumo ule ulikuwa umesikika hadi sokoni, na yeye mwenyewe siku ile alikuwa darasani kwangu. Alichukua mtungi akaenda mtoni, na hakuniuliza tena.