Anwani Ambayo Mjomba Grisi Hakuibadilisha

Mjomba wangu alipaka mashine grisi katika kiwanda cha mablanketi tangu akiwa na nywele mpaka akabaki na kofia. Ndiyo maana watu wote wanamwita Grisi, hata mama yangu, dada yake wa tumbo moja. Kiwanda kilipobadilisha wenyewe, wafanyakazi wa zamani waligawiwa hisa chache chache ili wasiondoke wakinung'unika. Mjomba naye akawa mwenye kiwanda. Gawio lake la mwaka unaweza kulimaliza ukiwa bado umesimama dukani, lakini jaribu kumwita mstaafu uone. Atakusahihisha hapo hapo: "Mwanahisa."

Na mwanahisa haitwi mkutanoni kwa mluzi. Sheria inataka apelekewe notisi ya maandishi wiki tatu kabla, iseme mkutano ni wapi, saa ngapi na kutajadiliwa nini, na ipelekwe kwenye anwani aliyoiandikisha mwenyewe kwenye rejista ya kampuni. Ikishafika hapo, kampuni imemaliza kazi yake. Kama umehama ukanyamaza, shauri yako. Haya nayajua kwa kuwa stashahada yangu ilikatikia hapo hapo, kwenye sheria ya makampuni. Ya mbele yake msiniulize.

Sasa, Mjomba alihama, na akanyamaza. Mkewe alipofariki, Mama alimchukua akaja kukaa kwetu, chumba cha uani, yeye na kitanda chake na redio yake. Anwani hakuja nayo. Kila mwaka tarishi wa kiwanda akawa anapeleka notisi kwenye nyumba ya zamani, ng'ambo ya reli, na kila mwaka Mjomba anavaa shati la kola na kuifuata kwa miguu.

"Grisi, kaandikishe anwani ya hapa," Mama humwambia. "Magoti yenyewe hayo kama ya kuazima."

"Nitaandikisha."

"Lini?"

"Si nimesema nitaandikisha?"

Mimi nilikuwa na yangu kichwani. Nyumba ile siku hizi anakaa mama mmoja mshonaji na mumewe. "Mjomba," nikamwambia, "notisi gani hiyo inafuatwa kwa marashi? Mke wa mtu huyo."

"Mdomo wako huo ndio uliofanya chuo kikuteme."

Hapo alinipata.

Mwaka jana goti lilimkamata kweli, Mama akaniamuru nimsindikize. Nyumba yenyewe haina la kutazama: ukuta uliopauka, geti la bati, na dirisha la jikoni linaloelekea barabarani. Mjomba akagonga geti, akarudi nyuma kidogo, akavua kofia. Nikajiweka sawa kutazama mapenzi ya uzeeni.

Dirisha la jikoni likasukumwa, na likalia. Lilianza kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, likamalizia juu, kama mtu anayeuliza swali. Mshonaji akatoa kichwa, pini zimejaa mdomoni.

"Nani?"

"Wa barua."

"Aa, Babu! Ngoja nikuletee."

Mjomba hata hakumtazama. Alikuwa amefumba macho.

Njiani akanieleza bila kuulizwa. Kila jioni alipotoka kiwandani, marehemu mkewe alikuwa akisikia viatu vyake barabarani, anasukuma dirisha lile, linalia, kisha anauliza: "Umeleta mkate?" Akisahau mkate, hafunguliwi geti mpaka aombe radhi, majirani wakisikia.

"Alikuwa ananisema kila siku," Mjomba akasema. "'Kiwanda kizima hakitoi mlio, dirisha la mkeo linalia kama mbuzi!' Namwambia kesho nitalitia grisi. Ananiambia, 'Kesho yako hiyo imeshaota ndevu.' Na kopo ninalo mkononi, mpwa wangu. Miaka yote ninalo mkononi."

Tukavuka reli.

"Afadhali sikulitia," akasema.



Tulipofika nyumbani akanipa notisi nimsomee. Safari hiyo ilikuwa na azimio maalumu, limeandikwa neno kwa neno kama sheria inavyotaka: katiba ya kampuni ibadilishwe, ili kuanzia mwaka unaofuata notisi zote zitumwe kwa simu. Asiye na simu atazisoma kwenye ubao wa geti la kiwanda.

"Rudia hapo pa simu."

Nikarudia.

"Kwa hiyo barua basi."

"Wakipitisha, basi."

Akaikunja ile karatasi taratibu. "Sasa pale nitakwenda kusema nimefuata nini?"

Kwenye mikutano ya nyuma Mjomba hakuwahi kunyanyua mkono ila kuomba soda ya pili. Safari hii alikaa mstari wa mbele wa kantini ya kiwanda, mimi wakaniruhusu nisimame mlangoni. Katibu wa kampuni, dada mpole mwenye sauti ya kutangaza misiba, akaeleza kwamba tarishi ni mmoja, karatasi zinapotea, watu wanahama bila kusema. "Wengine notisi zao zinapokelewa na watu baki kabisa!" Watu wakacheka. Mjomba akasimama.

"Napinga."

"Sababu yako, Babu?"

"Ninayo."

"Itaje, iingie kwenye muhtasari."

"Andika kwamba anayo."

Kantini ikalipuka. Mfumaji mmoja wa zamani akapaza sauti kutoka nyuma: "Grisi anaogopa simu itamkopa salio!"

Katibu hakucheka. "Unaogopa taarifa haitakufikia, Babu?"

"Itanifikia," Mjomba akasema. "Hilo ndilo tatizo."

Ikapigwa kura ya mikono. Ya kukubali ilikuwa msitu. Wa kupinga ulikuwa mmoja, na ulikaa juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka mwenyekiti akasema, "Tumeuona, Grisi, shusha."

Tukitoka, akamsogelea katibu. "Na ile anwani yangu, mwanangu? Ya kwenye rejista?"

"Usiwe na wasiwasi, Babu. Haitakusumbua tena, tutaiondoa." Alisema kwa wema kabisa. Huo wema ndio uliouma.

Mwaka huu notisi imeingia kwenye simu yangu, maana ile ya Mjomba inafaa zaidi kuwa tochi. Nilikuwa nanawa uso. Nikaenda chumba cha uani nikamsomea yote, mpaka jina la katibu chini. Akashukuru. Akafunga mlango. Alipotoka, alikuwa na shati la kola.

"Unakwenda wapi tena? Si imeshafika?"

"Imefika kwako."

Mama akamtazama kaka yake, akamnyoosha kola. Mimi nikavaa viatu.

Getini akagonga, akavua kofia. Ndani cherehani ilikuwa inakimbia, haisikii mtu. Nikawa naomba moyoni mshonaji asiwe amepata fundi wa madirisha. Akagonga tena. Cherehani ikanyamaza.

Dirisha likalia.

"Nani?"

"Wa barua."

"Babu! Mwaka huu hawajaleta kitu. Nimeangalia mpaka chini ya mlango."

"Hawajaleta, eh?"

"Labda wamechelewa. Wewe pita tena."

"Nitapita."

"Na mnisamehe kwa kelele za hili dirisha. Mume wangu kila siku ananiambia atalitia mafuta kesho."

Mjomba akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya msiba, nilidhani kilizikwa.

"Usimharakishe, mwanangu," akasema.

Mshonaji akalivuta dirisha. Likalia mara ya pili, mbuzi kwanza, halafu lile swali lake la mwisho likabaki linaning'inia juu ya geti. Mjomba akaikamata kofia kwa mikono yote miwili.

"Nimesahau," akalijibu, polepole, ili mimi nisisikie. "Mkate nimesahau."