Shida ni Mahari ya Mtoto

Saa mbili asubuhi, soko la Ndalu limeanza kuchangamka. Phelista Nakhumicha ameketi juu ya gunia la kabichi, sketi ameikunja isiguse tope, na anawakanya wanafunzi wake wa chuo kikuu wasimuulize mtu swali lolote.

"Ukitaka kujua, mwambie akuonyeshe," anawaambia kwa sauti ya chini. "Ukiuliza utajibiwa, na hapo ndipo shida itaanzia."

Anayajua anayoyasema. Mhadhiri huyu wa ujasiriamali na ubunifu, ambaye wiki yake huigawa kati ya matawi mawili ya chuo, moja Kitale na jingine Bungoma, nusura apoteze somo lake kwa sababu ya neno moja.

Leo ni siku ya hukumu. Mkuu wa idara yake, Bwana Wangila, anakuja sokoni kujionea. Alishasema tangu mwanzo wa muhula kwamba kama hakutakuwa na hata kitu kimoja cha wanafunzi kinachotumiwa na mtu nje ya lango la chuo, somo litaondolewa kwenye ratiba.

Somo lenyewe bado ni geni huku, na wapo wanaoliona porojo. Kwa kifupi, mwanafunzi hufundishwa kukaa na mtu mpaka aielewe shida yake, ndipo atengeneze kitu, akijaribu, akibomoe, akitengeneze tena.

Phelista, mzaliwa wa Bokoli, alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye kazi ya kudumu. Mwaka 2007 aliiacha akaja kufundisha somo hili kwa malipo ya saa za darasani, na mapato yake yakapungua karibu nusu. Mama mkwe hakupendezwa hata kidogo.

"Aliniuliza, 'Ati umeacha mshahara uende kufundisha watu kufikiria? Kwani walikuwa wanafanya nini na kichwa?'" anasimulia huku akicheka. "Lakini nilikuwa nimechoka kuona vijana wanamaliza digrii, wanarudi kwa mama kungoja barua ya kazi."

Muhula huu kundi la Kitale lilitumwa Ndalu. Kiongozi wao ni Kimaiyo, kijana wa Endebess anayeandika upesi kuliko karani wa mahakama. Alimuuliza Agneta Nekesa, muuza nyanya, shida yake kubwa hapa sokoni ni ipi. Agneta, mtoto mgongoni, akajibu bila kusita, "Shida ni mahari ya mtoto."

Kimaiyo akaandika alichosikia. Wenzake walikuna vichwa kidogo, kisha wakafurahi kwamba wamepata shida nzito. Kwa wiki kadhaa walibuni chama cha kuweka akiba ya mahari, chenye kanuni, nembo na chati ya rangi iliyojaa picha za ng'ombe.

Phelista aliisoma ripoti, akaipitisha. Hapa mtu hajui acheke au amhurumie. Phelista ni Mbukusu, na nyumbani kwao l na r hubadilishana viti kila siku. Angemsikia Agneta kwa masikio yake, angejua papo hapo kwamba mama huyu alisema mahali. Lakini hakusikia, alisoma tu, na kwenye karatasi neno lilionekana halina kasoro.

Siku ya kuwasilisha, chati ilitundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Akina mama walisikiliza kwa heshima, mpaka Agneta akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani.

"Sasa nyinyi, huyu ni msichana," akasema. "Si mimi ndio nitaretewa hao ng'ombe?"

Soko lilicheka hadi wauza samaki wakaja kuuliza kuna nini. Agneta mwenyewe alifuta machozi ndipo akaeleza. "Mimi nirisema mahari. Mahari ya kumuweka, arare. Namfunga mgongo kutoka asubuhi. Nikiinama kupima nyanya, anaria. Nikimuweka chini, ni matope."

Kimaiyo alitamani ardhi ipasuke aingie. "Nilimwambia mwalimu anipe tu sifuri niende," anakumbuka. "Akanikatalia, bana. Akasema tugeuze chati upande wa nyuma, tuchore upya."

Phelista hajitetei. "Niliwafundisha kusikiliza watu, mimi mwenyewe nikasikiliza karatasi," anasema. "Iliniuma sana. Muhula ulikuwa umebaki kidogo, lakini singekubali somo life kwa sababu ya herufi."

Ndipo ikazaliwa kanuni yake ya "nionyeshe". Walirudi wakakaa na Agneta tangu anapofungua biashara, wakatazama anavyoinama na anakogeukia mtoto akilia. Bindu, mwanafunzi mwenzao ambaye babake, Mzee Mohanlal, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, alileta vipande vya mbao na wavu. Kitanda cha kwanza, kilichotokana na kreti ya nyanya, Agneta alikikataa. "Kimeenda chini sana. Mtoto akiingia simuoni," alisema. Wakakata ubavu mmoja, wakakipa miguu. Miguu ikazama kwenye tope, wakaiweka juu ya vibao vipana.

Sasa Bwana Wangila amefika. Viatu vyake vinang'aa, na kila hatua anatafuta pa kukanyaga. Anasimama mbele ya meza ya Agneta, anachungulia chini yake. Mtoto amelala ndani ya kreti, ngumi imeshika wavu.

"Mama, hiki kinakusaidia namna gani?" anauliza.

Phelista anakohoa. Mkuu, ambaye ameshasikia habari za kanuni yake, anamtupia jicho, anatabasamu kidogo. "Haya. Nionyeshe."

Agneta anapangusa mikono. Anamnyanyua mtoto, anamnyonyesha, anamrudisha, anainama kumpimia mteja nyanya kwa mikono miwili. Mtoto hashtuki. Mama wa meza ya pili anaona nafasi imepatikana. "Mzee, waambie hao watoto wanitengenezee yangu," anasema. "Na wapime vizuri, mimi niko na mapacha."

Wangila anakitazama tena kitanda. Kiatu kimoja kimeshaingia topeni na amesahau kukitoa.

"Mwalimu," anasema mwishowe, "nitatafutia somo lako mahari kwenye ratiba."

Ndiyo, amesema mahari, mkuu mzima wa idara. Kimaiyo anamtazama mwalimu wake, na wote wawili wanauma midomo.

Phelista anaficha furaha kwa kazi. Papo hapo anaanza kupanga muhula ujao. Wanafunzi wapya atawapeleka Endebess kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kabla hawajaingia darasani hata mara moja. Anataka siku moja kila tawi la chuo lianze hivyo.

"Waje na gambuti, viatu vya mpira vya kukanyagia tope," anasema. "Wakamue kwanza, ndipo waniambie shida ya maziwa."

"Na kalamu?" anauliza Kimaiyo.

"Kalamu waache nyumbani."