Maiti Haombwi Kadi

Nakumbuka asubuhi ile hapa kijijini Ngulyati, mama yangu amelala ndani kafunikwa kanga, na nje hakuna hata kijana mmoja aliyeshika jembe. Kwetu msiba hauhitaji mwaliko. Ukisikia kilio unaacha pamba yako shambani, unakwenda. Siku ile kilio kilifika hadi ng'ambo ya mto, na watu wakakaa majumbani kwao wakisubiri baba aseme neno moja.

Mwanangu, kaa vizuri unisikilize, ingawa mimi mwenyewe leo sikaliki. Juzi ulisema huendi kwenye msiba wa jirani kwa sababu ya fulana ya chama anayovaa mwanawe. Tangu hapo usingizi umenikimbia. Nakaa, nainuka, natoka nje, narudi.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi viliporuhusiwa. Kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani yao, mitumba ikajaa mnadani, na vijana wakagundua kwamba mtu anaweza kumbishia mwenyekiti wa kijiji na asilale rumande. Raha iliyoje! Lakini sisi tulijua mashindano ya aina moja tu, ya ngoma, ambako wa upande wako anasifiwa hata akianguka, na wa upande wa pili anatungiwa wimbo wa kumkejeli. Ngoma ikiisha, watu wanacheka, wanakwenda kuvuna. Tukaingia kwenye siasa na ngoma zetu, ila safari hii hakuna aliyecheka.

Baba yangu, Mzee Ngasa, alihudhuria mikutano ya chama cha zamani, akahudhuria na ya chama kipya. Kote alinyoosha mkono akauliza swali lile lile: "Mkishinda, huyu atakayeshindwa mtamwacha aendelee kuuliza maswali?" Wazamani wakasema ametumwa na wapya, wapya wakasema ni mpelelezi wa wazamani. Mhoja, manju wa chama cha zamani, mwenye sauti ya kusikika vijiji vitatu, akamtungia wimbo wa popo, si ndege si mnyama. Watoto wakauimba njiani kwenda shule. Kisha watu wakaanza kunong'ona kwamba mkataa wengi ni mchawi, na Usukumani ukishabandikwa neno hilo, ujue roho yako iko hatarini. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikawa naona aibu hata kwenda kisimani.

Ndipo mama akafa, kwa homa ya siku chache tu. Masikini mama yangu!

Asubuhi hiyo akaja Limbu, kijana wa chama kipya, akaamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Mzee. Pole sana. Vijana wapo tayari kuchimba, ila wanataka kujua uko upande gani." Hajafika mbali, akaja mzee mmoja wa chama cha zamani na maneno hayo hayo, tofauti ni kwamba yeye alivua kofia kwanza.

Nikamvuta baba nyuma ya nyumba. "Baba, chukua kadi ya chama chochote, mama azikwe! Kesho utaitupa."

Baba alikuwa mpole, hakuwahi kunigombeza mbele wala nyuma ya watu. Siku ile alinikazia macho mpaka nikarudi nyuma. "Nikichukua kadi leo ili mama yako azikwe, kuanzia kesho kila maiti hapa kijijini ataombwa kadi kwanza. Unataka desturi hiyo ianzie kwa mama yako?"

Akachukua sururu, akaanza kuchimba peke yake. Kilikuwa kiangazi, ile ardhi yetu nyeusi imekauka, sururu inadunda tu. Nikachukua jembe nikaingia naye. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, lakini wa kunikataza walikuwa wapi? Nililia, nikawatukana wote kwa majina, nikachimba.

Jua lilipokuwa kali nikamwona Mhoja anakuja na koleo begani. Wallahi nilitaka kumpiga na jembe! Nikamuuliza kama amekuja kuimba. Akainamisha kichwa. "Mama yako ndiye aliyemzalisha mke wangu," akasema. "Toka shimoni, binti, niingie."

Baadaye akaja Limbu, na wengine wachache. Mhoja na Limbu hawakusalimiana. Mmoja anachimba, mwingine anapokea udongo, hivyo hivyo wamenuna, mpaka kaburi likafika kina chake. Wengi hawakuja kabisa, sikudanganyi, na wapo ambao hatukupatana mpaka walipoingia kaburini wao. Kwenye mnada uliofuata Mhoja na Limbu wakashikana mashati tena. Lakini mama alizikwa, na tangu siku ile hapa kijijini hakuna msiba ulioombwa kadi. Mpaka juzi, kwa mdomo wako wewe, mjukuu wake.

Sikwambii usiwe na chama. Kuwa nacho. Dai sheria zibadilishwe, dai kura zihesabiwe watu wakiona, bishana mpaka sauti ikauke. Na ukiona pande zote mbili zinakosea, ziambie zote mbili. Watakuita mwoga, lakini waliokaa katikati ndio hupigwa mawe kutoka kulia na kushoto, na mwoga hakai hapo. Usimshangilie anayeahidi kumfunga mdomo mwenzako. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na siasa yako iishie kwenye uzio wa mwenye msiba.

Haya, inuka, chukua jembe, kwa jirani wanachimba kaburi sasa hivi. Mungu akulinde, mwanangu. Akupe ulimi wa kusema kweli na masikio ya kuivumilia ya wenzako, na siku yako ikifika, akuchimbie kaburi yule uliyebishana naye maisha yako yote, naye achimbe huku analia.